Kijana wa Karatu aliyerudi kwa njia ya maji

Ukitoka Mto wa Mbu na kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, lami inajikunja mara kadhaa hadi juu, kisha nchi inafunguka: udongo mwekundu, mashamba ya ngano na mahindi, Rhotia, halafu Karatu mjini. Asubuhi magari ya watalii hupita hapo mfululizo yakiwahi geti la Lodoare, ili abiria wao washuke kreta ya Ngorongoro mapema. Kwa wengi wao Karatu ni mahali pa kujaza mafuta na kununua maji ya kunywa. Lakini huku ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, Juni 1953, mtu aliyewahi kushikilia rekodi mbili za dunia kwa wakati mmoja.

Kila Mtanzania mwenye umri fulani anaijua hadithi ya Christchurch. Ugomvi wangu na hadithi hiyo ni mmoja tu: tunaisimulia kana kwamba ndiyo iliyokuwa mwisho. Sehemu ninayoiona kubwa zaidi ilikuja miaka sita baadaye, wakati wengi walishamhesabu miongoni mwa waliopita.

Tuanzie Munich, 1972. Bayi ana miaka 19 na amejiandikisha mbio mbili: mita 1,500, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Zote mbili zilimtema kwenye mchujo. Januari ya mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, akamshinda Kipchoge Keino katika mita 1,500. Keino alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo mwaka 1968, na kumpita kwenye fainali si jambo la kubahatisha.

Halafu ikafika Februari 2, 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Zama zile wakimbiaji wa mita 1,500 walikuwa wakiviziana hadi mzunguko wa mwisho, kila mmoja akimwachia mwenzake kazi ya kukata upepo. Bayi hakuwa na subira hiyo. Bunduki ilipolia tu akachomoka. Mita 400 kwa sekunde 54.9, mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52.2, na nyuma yake pengo linaonekana kwa macho. Waliokuwa jukwaani bila shaka walisema kimoyomoyo kile ambacho Mswahili hukisema kwa sauti: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwenye mita za mwisho John Walker wa New Zealand alikuwa akimla hatua kwa hatua, uwanja mzima ukimshangilia kijana wao. Hakumfikia. Bayi alikata utepe kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker mwenyewe, aliyeshindwa, alikuwa ameipita rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akaongeza na rekodi ya maili: 3:51.0, sehemu moja ya kumi ya sekunde chini ya ile ya Ryun. Miezi mitatu baadaye Walker aliichukua hiyo ya maili kwa 3:49.4, na dunia nzima ikaanza kuhesabu siku za kuelekea Montreal, 1976, wawili hawa wakutane tena.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, tena wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokataa kuifukuza New Zealand, zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zilisusia michezo ile, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Medali ya dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa Walker, raia wa nchi ileile iliyosusiwa, kwa muda wa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya kasi ya Christchurch. Ni haki kuongeza kwamba Bayi alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya michezo, kwa hiyo hakuna ajuaye angefika katika hali gani. Uamuzi wa kususia ulikuwa sahihi, nami sina shaka nao. Lakini gharama yake ilibebwa na miguu ya watu wachache, na mmoja wao alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi kutoka Karatu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 1978 alishinda tena Michezo ya Afrika, Algiers. Mwaka huohuo, Edmonton, alipoteza taji lake la Madola kwa Mwingereza Dave Moorcroft kwa tofauti ya sehemu kumi na moja za mia za sekunde. Agosti 1979 Sebastian Coe akaifuta rekodi ya Christchurch mjini Zürich. Mita 1,500 sasa zilikuwa mali ya Coe na Steve Ovett, na Bayi alikuwa anaelekea miaka 27 bila medali yoyote ya Olimpiki.

Hapo ndipo alipofanya jambo ninalolipenda kuliko rekodi zake zote. Aligeuka, akarudi kwenye mbio zilizomtema Munich: viunzi na maji. Mbio hizi ni za mateso. Viunzi ni 28, kila kimoja kina sentimita 91, na dimbwi la maji unaliruka mara 7. Kiunzi chake ni gogo zito. Ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Kwa mtu aliyezoea kukimbia tambarare, huko ni sawa na kujifunza ufundi mpya uzeeni.

Moscow, Julai 31, 1980. Kwenye fainali Bayi alifanya vilevile alivyofanya Christchurch: alikwenda mbele, akaacha pengo, akawaambia wengine wamtafute. Mzunguko baada ya mzunguko alikuwa peke yake. Miguu ilianza kuwa mizito mzunguko wa mwisho, na kwenye dimbwi la mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48, Eshetu Tura wa Ethiopia nyuma yake kwa sekunde moja tu na ushei. Medali ya fedha. Ilikuwa ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Tanzania, na kesho yake Suleiman Nyambui akaongeza nyingine ya fedha katika mita 5,000.

Nchi ile ya juu ilishawahi kutoa mfano wa namna hiyo. Karatu ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu wakati John Stephen Akhwari wa Mbulu alipoanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico, Oktoba 1968, akaingia uwanjani giza limeshatanda, mguu umefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Isiyozunguka ni ya Edinburgh, 1970: Akhwari huyohuyo, Michezo ya Jumuiya ya Madola, nafasi ya tano, saa 2:15:05. Tumemfanya shujaa wa kuchechemea, ilhali alikuwa mkimbiaji hodari aliyerudi.

Na Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, aliyemaliza wa 17 Olimpiki ya Paris mwaka mmoja nyuma, alimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini kwa sehemu tatu za mia za sekunde, akawa bingwa wa dunia wa marathoni.

Bayi alirudi pia nyumbani. Taasisi inayobeba jina lake imekuwa ikiendesha tamasha la michezo Karatu, mwezi Desemba, ambako vijana wa Rhotia, Mang'ola na kwingineko hushindana mbio mbele ya watu wao. Rekodi yake ya Madola ya mita 1,500 ilidumu miaka 48, hadi Mwaustralia Oliver Hoare alipoivunja Birmingham, Agosti 2022. Medali za Olimpiki za Tanzania bado ni mbili, zote za Moscow.