Tulivyoanza Kazi ya Rangi

Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kule Oysterbay, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, wenzake wakaendeleza. Rangi hiyo huzimuliwa kwa tapentaini, na harufu yake ndani ya nyumba yenye watoto haivumiliki. Ndiyo maana sisi akina mama wa Kinyerezi, kupamba vibuyu kwa kibomba cha kupulizia, tulichagua akriliki, inayozimuliwa kwa maji. Twaitia maji kidogo kidogo mpaka iwe nyepesi kama maziwa, twaichuja kwa kitambaa, twaijaribu kwenye boksi. Ikiwa nzito, kibomba huziba. Maji yakizidi, rangi haishiki. Kila kopo limenunuliwa kwa hisa zetu, hivyo hatumwagi hata tone!