Bibi Khawla na Mahkama Zetu za Kadhi



Ndugu zangu, zama za Mtume (s.a.w.) bibi Khawla bint Tha'laba alidhulumiwa na mumewe kwa neno moja tu. Alimfananisha na mgongo wa mama yake. Hiyo ndiyo dhihar, ada ya kijahiliya iliyomwacha mwanamke si mke wala si mtalaka. Khawla hakunyamaza. Alikwenda kwa Mtume, akajadili, akamshitakia Mola wake. Wahyi ukateremka kwa ajili yake, na sura ya 58 ikaitwa Al-Mujadila.

Nimeanza hapa kwa sababu wapo wanaosema mwanamke kumshitaki mumewe ni mambo ya kizungu. Historia yetu wenyewe inawakanusha.

Utumwa ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini masuria wakasubiri mpaka 1909. Mtafiti Elke Stockreiter alipekua majalada ya makadhi wa zama zile, akatoa kitabu mwaka 2015. Humo wamo wanawake, hata waliotoka utumwani, wakidai haki zao mbele ya kadhi. Erin Stiles aliandika mwaka 2009 juu ya mahkama ya kadhi ya Mkokotoni, na Susan Hirsch mwaka 1998 juu ya zile za Mombasa na Malindi. Wote wawili walikuta kwamba wengi wanaofungua kesi ni wanawake. Hirsch akaona pia kuwa mara nyingi wanashinda.

Basi upendeleo uko wapi? Kwanza uko kwetu sisi, maimamu na wazee. Mwanamke akija na shida yake, tunamwambia "stahamili" kabla hajamaliza kusema. Mume tunamwuliza, mke tunamnyamazisha.

Pili, uko kwenye ushahidi. Sheria ya Mahkama za Kadhi ya 1985 ilibadilishwa na Sheria Namba 9 ya 2017, ambayo imempa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale mchango wa mtu unapothibitika. Ni hatua kubwa. Lakini mfikirie mwanamke wa Paje au Jambiani. Miaka nenda miaka rudi analima mwani, pesa zake zinanunua matofali na saruji, risiti zinaandikwa jina la mume. Siku ya talaka mume ana karatasi, yeye ana mikono iliyochanika kwa maji ya chumvi. Kadhi ataona nini?

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inatuamrisha kuandika madeni. Kwa muuza duka tunaandika hata kilo ya mchele. Kwa nini nyumbani tunaona haya? Kiwanja kikinunuliwa kwa pesa za wawili, yaandikwe majina mawili. Ukitoa talaka, iandike, usimwache mwenzio akitafuta mashahidi wa neno ulilolisema usiku chumbani.

Na anayehukumu akumbuke: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mahakimu ni watatu, wawili wao ni wa motoni. Asiulize risiti peke yake. Aulize pia nani aliamka alfajiri maji yakikupwa.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wenye kusikia kabla ya kuhukumu. Amin.

Wallahu a'lam.