Deni, sosi ya soya na mabakuli mawili: siku moja Osaka

Wajapani wana msemo kwamba watu wa Kyoto hufilisika kwa mavazi, na watu wa Osaka hufilisika kwa kula. Neno lenyewe ni kuidaore, yaani kula mpaka uanguke. Mimi na mume wangu tulikuwa na siku moja tu Osaka, yeye akiwa amemaliza mafunzo ya kazi na mimi nikiwa nimemfuata kwa likizo fupi. Pesa yetu ilikuwa ya kuhesabu. Tukakubaliana tule barabarani, hapa kidogo na pale kidogo, na katikati ya kula tutembee.

Yeye alitaka kuona mji. Mimi nilitaka kufika mahali ambapo kijana wa duka na mwanamke wa danguro walijiua pamoja mwaka 1703. Si kwamba napenda misiba. Ni kwamba hadithi yao inaanza na mkopo kwa rafiki, na mimi nilikuwa natembea na mkopo wa namna hiyo kifuani. Miezi minane nyuma nilimkopesha rafiki yangu wa tangu chuo shilingi milioni 3, pesa tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kiwanja. Hatukuandikishana. Nilipomdai akaniambia hakumbuki kama ulikuwa mkopo. Baba Neema alikuwa hajui lolote.

Asubuhi tulianzia soko la Kuromon. Jina lake maana yake ni lango jeusi, kutokana na lango la hekalu la Kibudha lililokuwa jirani zamani. Ni njia ndefu iliyoezekwa paa juu, na huku na huku wauza samaki, chaza, kamba na matunda. Kwenye kibanda kimoja Baba Neema alisimama ghafla. "Mama Neema, njoo uone. Hivi si vitumbua?"

Kwa mbali ungeapa ni vitumbua. Kikaango cha chuma chenye vishimo, uji wa unga unamiminwa, mpishi anageuza kwa kijiti chembamba mpaka kila kimoja kinakuwa mviringo. Tofauti iko ndani: kipande cha pweza. Hiyo ndiyo takoyaki, na boksi moja huwa na vinane. Pweza sisi tunamjua kwa supu, yule wa jioni pale Forodhani au kwenye kona za Dar es Salaam. Huku wamemfunika kwa unga wa ngano, na usipokuwa na subira utaungua ulimi, kama nilivyoungua mimi.

Chakula hiki si cha kale kama mtu anavyoweza kudhani. Kilianzia hapa hapa Osaka mwaka 1935, kwa muuzaji aliyeitwa Endo Tomekichi. Kabla ya hapo alikuwa akiuza vidonge vya namna hiyo vyenye nyama ya ng'ombe, vikiitwa kwa jina la redio, maana redio siku hizo ilikuwa kitu cha fahari. Pweza alikuja baadaye, kwa mfano wa mji jirani wa Akashi. Na takoyaki ya Endo haikupakwa ile sosi nzito ya kahawia tunayoiona leo. Ladha ilikuwa ndani ya unga wenyewe: mchuzi wa mwani na samaki mkavu, pamoja na sosi ya soya.

Shika hiyo sosi ya soya, msomaji. Tutaihitaji.

Kutoka Kuromon tulitembea hadi Dotonbori, ule mtaa wa mabango makubwa ambao kila mtu anaupiga picha. Chini ya mabango kuna mfereji, na mfereji ndio wenye historia. Ulianza kuchimbwa mwaka 1612 na ukakamilika mwaka 1615. Jina lake linatokana na mtu aliyeuanzisha, Doton, ambaye hakuuona ukikamilika. Mwaka huo huo wa 1615 majeshi ya ukoo wa Tokugawa yaliizingira ngome ya Osaka na kuiteketeza, na yeye alikuwa ndani, upande ulioshindwa.

Baada ya vita hiyo utawala ulikaa Edo, yaani Tokyo ya leo. Osaka ikabaki na biashara. Mabwana wa majimbo walikuwa wakikusanya kodi kwa mchele, na mchele haulipi madeni mpaka uuzwe. Kwa hiyo waliusafirisha kwa meli hadi Osaka, wakajenga maghala yao kando ya mito, na wafanyabiashara wakaugeuza kuwa fedha. Mwaka 1730 serikali ilitambua rasmi soko la mchele la Dojima, ambako watu walinunua na kuuza mchele ambao haujafika bado, kwa bei ya siku zijazo. Wanahistoria wengi wanaliita soko la kwanza la aina hiyo duniani. Mwani nao ulitoka Hokkaido, kaskazini kabisa, ukashushwa hapa. Ndiyo maana mji uliitwa jiko la nchi.

Sasa fikiria maisha katika mji wa namna hiyo. Kila kitu kina bei, kila mtu ana daftari, na neno la mtu halina uzito mpaka lipigwe muhuri.

Hapo Dotonbori, mwaka 1684, msanii aitwaye Takemoto Gidayu alifungua jumba la maonyesho ya wanasesere. Msimulizi anaimba na kusema maneno ya wahusika wote, mpigaji anapiga shamisen, kinanda cha nyuzi tatu, na wanasesere wanaigiza. Aliyemwandikia tamthilia alikuwa Chikamatsu Monzaemon, mtoto wa familia ya samurai aliyeamua kuishi kwa kalamu. Kwa muda mrefu jukwaa hilo lilionyesha mashujaa wa zamani, vita na miungu. Jumba lilikuwa na madeni.

Halafu, katika mwezi wa 4 wa kalenda ya Kijapani, mwaka 1703, watu wawili walikutwa wamekufa katika msitu wa hekalu la Kishinto la Sonezaki, kaskazini mwa mji. Mmoja alikuwa Tokubei, karani wa duka la sosi ya soya. Mwingine alikuwa Ohatsu, mwanamke wa danguro. Mwezi mmoja tu baadaye Chikamatsu alikuwa ameshaandika, na wanasesere wa Takemoto walikuwa wakilia jukwaani. Watu walijaa. Inasimuliwa kwamba tamthilia hiyo ndiyo iliyolipa madeni ya jumba.

Nilimsimulia Baba Neema kisa chenyewe tukiwa tumekaa kando ya mfereji. Mwajiri wa Tokubei ni baba yake mdogo, na anataka amwoze mpwa wa mkewe. Mahari ya bibi harusi imeshatolewa, na mama wa kambo wa Tokubei ameshaipokea: kilo 7 na nusu za fedha. Tokubei anakataa ndoa, kwa hiyo lazima airudishe. Anahangaika mpaka anaipata kutoka kwa mama huyo. Siku chache kabla ya kuirudisha, rafiki yake Kuheiji anamlilia shida. Tokubei anamkopesha zote.

"Akaandikishana naye?" Baba Neema akauliza.

Waliandikishana, tena kwa muhuri. Lakini siku ya kudai, Kuheiji akasema muhuri ule aliupoteza kabla ya tarehe iliyo kwenye hati, na alishatoa taarifa. Kwa hiyo hati ni ya kughushi. Kuheiji na wenzake wakampiga mbele ya watu. Kughushi ilikuwa kosa la kukupeleka kwenye kifo. Tokubei hana pesa, hana jina, hana kazi.

"Rafiki gani huyo," akasema, akatikisa kichwa. Mimi nikaangalia maji.

Yapo mambo mawili ambayo Chikamatsu aliyafanya hapo. La kwanza, alimchukua karani anayezungukia wateja na pipa la sosi, akampa heshima ya kifo ambayo jukwaa lilikuwa limewawekea mabwana wa vita. La pili, adui hakumleta na upanga. Alimleta na karatasi. Katika mji wa wafanyabiashara, kila aliyekaa kutazama alijua woga huo. Alikuwa ameshawahi kuukosa usingizi kwa ajili yake.

Serikali haikufurahi. Wapenzi wengine walianza kujiua pamoja, na tamthilia za namna hiyo zikazidi. Mwaka 1723 zilipigwa marufuku, waliokufa hivyo wakanyimwa mazishi ya heshima, na waliosalimika wakaadhibiwa. Ile ya Sonezaki ilikaa kimya muda mrefu. Wanasesere hawakuirudisha jukwaani mpaka mwaka 1955.

Mchana tulikula wali wa mchuzi wa kari Jiyuken, mgahawa mdogo uliofunguliwa mwaka 1910. Wali na mchuzi huja vimeshachanganywa, na yai bichi limekaa katikati. Nilimpeleka pale kwa sababu ya mwandishi mwingine, Oda Sakunosuke. Alizaliwa Osaka mwaka 1913, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1947, akiwa na miaka 33. Hadithi yake mashuhuri, Meoto Zenzai, ilitoka mwaka 1940, na wahusika wake wanakula hapo hapo.

Ryukichi ni mtoto wa mfanyabiashara, ana mke na binti, na baba yake amemkana. Choko ni geisha, binti wa muuza vyakula vya kukaanga. Wanakimbilia maisha ya pamoja. Choko anafanya kazi, anaweka akiba sarafu kwa sarafu. Ryukichi anaichukua na kuimaliza kwa usiku mmoja au miwili. Wanafungua biashara ya nyembe, inakufa. Ya chakula, ya matunda, vivyo hivyo. Familia ya mwanamume haimtambui Choko hata siku ya msiba. Akiwa peke yake anafungua gesi ili afe.

Ila hafi. Anaokolewa. Ryukichi anatoroka kwa siku kadhaa, kisha anarudi kama kawaida yake na kusema twende tukale kitu kitamu.

Wanakokwenda ni uchochoro wa Hozenji, na sisi tukaenda. Ni hatua chache kutoka kelele za Dotonbori, lakini njia ni ya mawe na taa ni za karatasi. Kuna sanamu ya Fudo, mlinzi wa Kibudha, iliyofunikwa kuvumwani kuanzia kichwani hadi miguuni kwa sababu kila anayeomba huimwagia maji. Mabomu ya Machi 1945 yaliteketeza hekalu, sanamu ikabaki. Pembeni yake kuna duka la zenzai: maharage madogo mekundu yaliyochemshwa kwa sukari, pamoja na donge la unga wa mchele. Ukiagiza sahani ya mtu mmoja unaletewa mabakuli mawili. Meoto maana yake ni mume na mke. Ryukichi anaeleza sababu ya kibiashara: kiasi kikigawanywa mara mbili kinaonekana kingi. Choko analielewa kwa namna yake, kwamba wawili ni afadhali kuliko mmoja.

Mwishoni Ryukichi anajifunza kuimba masimulizi ya wanasesere, ile ile sanaa ya Gidayu. Wanaingia kwenye mashindano, Choko akimpigia shamisen, na wanapata nafasi ya pili. Zawadi ni mto mkubwa wa kukalia. Choko anaukalia kila siku. Hadithi inaishia karibu na hapo, bila harusi na bila utajiri. Filamu yake ilitoka mwaka 1955, mwaka ule ule Tokubei na Ohatsu waliporudi jukwaani.

Nikila zenzai yangu niliona hivi: miaka 237 inatenganisha hadithi hizi mbili, na mji ni ule ule wa daftari. Wote wanne wameharibiwa na pesa. Kinachowatofautisha si ukubwa wa hasara, maana Choko alipoteza zaidi ya Tokubei, tena mara nyingi. Tokubei aliishi ndani ya sheria ya muhuri: jina likishachafuka, hakuna mlango mwingine. Oda aliandika juu ya watu ambao hawakuwa na jina la kuchafua. Deni lao halikulipika, nao wakaendelea kula.

Jioni tulipanda treni ya chini ya ardhi kutoka Namba hadi Umeda. Msitu wa Sonezaki haupo tena. Kuna majengo marefu, baa, na katikati yake hekalu dogo ambalo watu huliita Ohatsu Tenjin, kwa jina lake yule mwanamke. Ipo sanamu yao wawili. Wapenzi huja kuombea mapenzi yao na kuacha vibao vyenye maandishi. Niliona ajabu kidogo kuomba ndoa njema kwa waliokufa bila kuoana. Lakini labda ndio wanaojua thamani yake.

Hapo ndipo nilipomwambia. Jina la rafiki, mwezi, na kwamba hatukuandikishana.

"Ngapi?" akauliza.

"Milioni 3."

"Za kiwanja."

"Za kiwanja."

Hakusema kitu. Tulirudi kwa miguu kuelekea stesheni, yeye mbele kidogo, mimi nyuma, na nilihesabu taa nne za barabarani. Kwenye kibanda cha mwisho akasimama, akahesabu sarafu mfukoni, akanunua boksi moja la takoyaki. Akachomoa vijiti viwili, kimoja akanipa mimi.

"Pulizia kwanza," akasema. "Asubuhi uliungua."