Kutoka Mathari Hadi Darasani

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua Nairobi kituo cha kuwafungia wagonjwa wa akili. Mwaka 1924 kikapewa jina la Mathari. Enzi hizo mgonjwa wa akili alitengwa na watu, hakuna aliyemfikiria shuleni.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka huo huo ikakataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu tu, hata ule wa ugonjwa wa akili. Katiba ya 2010 ikakazia haki hiyo.

Lakini sheria hufungua lango tu. Nilimhudumia msichana wa kidato cha pili aliyerudi shuleni baada ya matibabu. Dawa zilimfanya asinzie asubuhi, akaitwa mvivu. Akaziacha, ugonjwa ukarudi. Mama yake alipomweleza mwalimu ukweli, daktari alibadilisha saa za dawa, na mwalimu akamwongezea muda wa kazi za darasani. Kidato cha nne alikimaliza.

Mzazi, usimfiche mtoto wala kumwachisha dawa. Mwalimu, uliza kabla ya kuadhibu. Kwaherini.