Wasiopenyeka kwa Mkuki

Mwalimu wa Buteba afundishapo habari za Fumo Liyongo hana budi kumtaja pia Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa Kano nchini Kenya, maana Wajopadhola wa Tororo ni ndugu zao kwa lugha. Magere, husimuliwa, alikuwa na mwili wa jiwe, uhai wake kivulini. Mkewe, binti wa maadui, akaifichua siri. Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, maiti yake ilipiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji. Magere aligeuka jiwe. Wawindaji, yasemekana, wakanolea mikuki juu yake.