Kupa, Kunyima na Kuuza: Kiolezo cha Darizi kutoka Pwani hadi Kabazi

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo dogo la nyumbani lenye mizizi mirefu katika historia na katika lugha. Mshonaji amenunua kiolezo cha darizi kwa fedha zake. Wifi yake, jirani yake au mwenzake wa chama anakiona, anakipenda, kisha anaomba apewe naye akinakili. Aliyekiuza alikwisha kuweka sharti kwamba kiolezo hicho ni cha matumizi ya mnunuzi peke yake. Mshonaji akikitoa, atakuwa amedhulumu haki ya mchoraji asiyemjua na ambaye hatamwona kamwe. Akikataa, ataitwa mchoyo na watu anaokutana nao kila siku kisimani, sokoni na kanisani.

Kabazi, katika eneo la Subukia, kaskazini ya mji wa Nakuru, ni mahali pafaapo kulitazamia tatizo hili, kwa kuwa hapo desturi ya kushonea pamoja imekutana na biashara ya michoro. Hoja ya makala haya ni kwamba ugumu wa kukataa hautokani na uchoyo wa mmoja wala tamaa ya mwingine. Unatokana na jambo la lugha: kiolezo huingia nyumbani kwa kitenzi cha kuuza, huombwa kwa kitenzi cha kupa, na anayekataa kukitoa huhukumiwa kwa kitenzi cha kunyima. Vitenzi hivi vitatu havifuati kanuni moja.

2. Tabia ya vitenzi vitatu

Kitenzi cha kuuza hushika kitu. Husemwa: aliuza kiti, na sentensi imetimia. Mtu aliyeuziwa akihitajika, hapana budi kitenzi kinyambuliwe: alimwuzia jirani kiti. Kupa hakuendi hivyo. Kitenzi hiki humshika mtu moja kwa moja bila kunyambuliwa: alimpa jirani kiti. Pasipo mtu huyo kitenzi hakisimami, na msemaji hulazimika kukimbilia kitenzi kingine, yaani kutoa.

Kunyima ni pacha wa kupa. Husemwa: alimnyima jirani kiti. Ukisema "alinyima kiti", msikilizaji hungojea atajwe aliyenyimwa. Kwa hiyo, kukataa jambo ni tendo linalohusu jambo, bali kunyima ni tendo linalompata mtu. Neno hili lina jamaa zake katika lugha nyingi za Kibantu: Kigikuyu kina -ima, Kiganda kina -mma, na maana ni ileile ya kumzuilia mtu kitu ambacho angeweza kupewa. Mkazi wa Kabazi anayezungumza Kigikuyu nyumbani na Kiswahili sokoni hulisikia shtaka hilo katika lugha zote mbili.

Yafaa ieleweke, basi, kwamba kuuza kumepangwa upande wa vitu, na kupa na kunyima kumepangwa upande wa watu. Kiolezo kilichonunuliwa huvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili mara tu kinapoonwa na ndugu.

3. Pwani: kofia na kanga

Neno kiolezo lenyewe latoka katika kuoleza, yaani kufuatisha mfano. Kwa asili yake kiolezo ni kitu cha kuigwa. Kisipoigwa hakina kazi. Ufundi wa kofia nyeupe za Unguja na Lamu waonyesha jinsi uigaji huo ulivyokuwa ukiendeshwa. Mchoro huchorwa kwanza kwa kalamu juu ya kitambaa, na mara nyingi mchoraji na mdarizi huwa watu wawili. Baadaye viua hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi. Kofia moja yaweza kuchukua majuma mengi, hata miezi.

Kofia ikishavaliwa njiani, mchoro wake huwa wazi kwa kila mwenye macho. Fundi mwingine aweza kuuhesabu na kuurudia. Lakini aliyeiga ilimpasa kutoboa na kushona viua vyote kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ukuta wa mchoraji, hata pasipo sheria. Kofia zilivuka bahari pamoja na watu hadi Omani, ambako wanawake huzidarizi mpaka leo, na hapakuwa na aliyedai bei ya kuvusha mchoro.

Kwa upande wa kanga mambo yalichukua njia nyingine. Vazi hili lilianza kuenea pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kwa muda mrefu lilipigwa chapa ng'ambo, zikiwemo India, Ulaya na Japani, kwa maagizo ya wafanyabiashara wa pwani. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilizoea kutia katika pindo la kanga zake maneno "Mali ya Abdulla". Tamko hili lastahili kutazamwa na wanaisimu. Mwanamke alikwisha kulipa, na vazi lilikuwa lake kulivaa, kulikata, kulitoa zawadi au kumbebea mtoto. Hata hivyo pindo liliendelea kutangaza kwamba liko jambo katika kanga ile ambalo si lake. Alichonunua ni nguo. Alama na mchoro vilibaki kwa mwenye duka.

Hapo ndipo Kiswahili kilipotenganisha, kwa maneno matatu yaliyochapwa katika pindo, kitu kilichoshikwa mkononi na haki ya kukizalisha tena.

4. Kabazi: kitambaa cha kiti

Bonde la Subukia lilikuwa la mashamba ya walowezi wa Kizungu hadi miaka ya mwanzo ya 1960. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba hayo yaligawanywa na kununuliwa, na jamaa kutoka sehemu mbalimbali zikawa majirani. Nyumba mpya zilihitaji mapambo, na pambo lililoenea kupita yote ni kitambaa cha kudariziwa au kufumwa kilichotandazwa juu ya kiti na meza.

Ufundi huo ulikuwa umeenezwa nchini na vyama vya wanawake. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni, ilifundisha kushona, kudarizi, upishi na usafi wa nyumba. Baada ya Uhuru vikundi vya wanawake viliongezeka, vingine vikichanga fedha ili kila mwanachama apate mabati ya kuezekea. Katika mazingira hayo, kuwa na ua zuri la kudarizi na kulificha kungalikuwa sawa na kula peke yako kwenye karamu. Ua lilihamishwa kutoka kitambaa hadi kitambaa kwa karatasi ya kaboni na kalamu ya risasi, na aliyelileta alisifiwa kwa kulileta. Methali "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" haikuwa pambo la maneno, ilikuwa kanuni ya maisha ya kikundi.

Karatasi ya kaboni ilipunguza gharama ya kuiga, lakini haikuimaliza, kwa sababu kushona kulibaki kwa mkono. Badiliko kubwa limeletwa na mashine za kudarizi zinazoongozwa na kompyuta. Kiolezo cha mashine hizo si karatasi, ni faili: orodha ya maagizo inayoiambia sindano ichome wapi na uzi ubadilishwe lini. Faili hunakiliwa kwa dakika moja, hupelekwa kwa simu, na nakala ya mia ni sawa na ya kwanza. Ukuta uliomlinda mchoraji wa kofia umeanguka. Kazi yote sasa imo ndani ya mchoro, na anayeutoa bure huitoa kazi yote ya mwingine.

5. Neno hakimiliki na utata wake

Kenya huru ilipitisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966. Mahali pake palichukuliwa na sheria ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Kazi ya sanaa ya uchoraji hulindwa katika maisha ya msanii na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Kunakili na kusambaza kwahitaji idhini yake.

Hata hivyo, istilahi yenyewe humpotosha msomaji wa kawaida. Hakimiliki ni muungano wa haki na miliki. Hautaji kunakili hata kidogo. Mshonaji aliyelipa anajua kwamba anakimiliki kiolezo, kwa hiyo hudhani kwamba hakimiliki ni yake. Istilahi kama "haki ya kunakili" ingalimfafanulia zaidi alichopewa na alichozuiliwa.

6. Adabu ya kukataa

Wasemaji hawakungoja wanasheria wala wanaistilahi. Wamejitafutia njia za kukataa bila kunyima, na njia hizo zaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Ya kwanza ni kumtaja mwenye mali: "Dada, huu mchoro una mwenyewe." Neno mwenyewe huondoa mgogoro kati ya watu wawili waliokaa sebuleni na kumleta wa tatu. Anayekataa hujiweka katika nafasi ya mtu aliyepewa amana, na kila aliyelelewa katika Kiswahili ajua kwamba kuzuia amana si uchoyo.

Ya pili ni kutoa kilicho chake: "Wifi, kitambaa nitakushonea mimi." Kwa kawaida sharti la muuzaji halimkatazi mnunuzi kumzawadia ndugu yake kitambaa kilichokwisha kushonwa. Kitenzi cha kushonea humrudisha mwombaji katika sentensi, mahali alipotaka kuwa tangu mwanzo, na mkono wake haurudi mtupu.

Ya tatu ni kuonyesha njia: "Shangazi, nitakupeleka kinakouzwa." Hapa kitu hurudishwa upande wa kuuza, kilikotoka.

Ziko njia nyingine zinazotumiwa sana lakini hazifai. Kuahirisha, kwa "tutaona" au "njoo wiki ijayo", ni adabu ya kale, pwani na bara, na hufaa pale ambapo haja itapita. Haja ya kiolezo haipiti, kwani kitambaa kipo juu ya kiti kikionwa na kila mgeni. Kusema kiolezo kimepotea ni hatari zaidi, kwa sababu kitambaa kinachofuata kitamuumbua msemaji.

7. Mpaka wa kukataa

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba kila mchoro una mwenyewe mmoja. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi kama alama yake ya biashara. Baada ya kupingwa na watetezi wa wafumaji wa Kenya, ombi hilo liliachwa mwaka 2008. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, inayotambua kwamba kazi fulani ni za jamii nzima. Ua ambalo bibi alimfundisha mjukuu halikununuliwa, na anayelificha kwa kisingizio cha hakimiliki amenyima kweli.

Wajibu wa mshonaji wa Kabazi, basi, ni kuuliza kwanza kiolezo kilimfikia kwa kitenzi gani. Kilichomjia kwa kupewa na akipe. Kilichomjia kwa kuuziwa hakiombeki kwake, bali kwa mwenyewe. Akilisema hilo kwa upole, na kitambaa kilichoshonwa tayari kikiwa mkononi kwa ajili ya wifi yake, methali ya kutoa itabaki kweli, na mchoraji aliye mbali naye atapata chakula chake.