Upinde wa Kapi wa Kuwindia

Upinde wa kapi ni upinde wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake mbili. Upote hupita juu ya magurudumu hayo, ukisaidiwa na kamba nyingine zinazokatiza katikati. Baharia wa jahazi angeielewa kazi yake mara moja, kwa kuwa kapi inayompunguzia mzigo anapotweka tanga ni ndugu ya ile inayompunguzia mwindaji uzito wa upinde. Tofauti ni kwamba kapi za upinde si duara kamili. Zina umbo la yai, au mhimili wake umewekwa pembeni badala ya katikati, na kwa sababu hiyo uzito hupanda, hutulia, kisha huanguka ghafla mvutaji anapokaribia mwisho.

Mbunifu wake ni Holless Wilbur Allen, Mmarekani wa jimbo la Missouri, aliyekata ncha za upinde wa kawaida akafunga kapi mahali pake. Aliomba hataza mwaka 1966, akaipata Desemba 1969. Tom Jennings, fundi wa pinde, ndiye aliyeanza kuutengeneza kwa leseni na kuuza. Wapo wapiga mishale waliokereka, wakisema hiyo ni mashine wala si upinde tena, na ubishi huo haujaisha. Hata hivyo wawindaji wa Marekani waliupokea kwa mikono miwili, na leo kwao ndio upinde wa kawaida. Michezo ya Olimpiki iliuweka mlangoni muda mrefu. Utaingia kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028.

Faida yake huonekana vizuri ukiuweka kando ya upinde wa mti. Waata wa maeneo ya Tsavo nchini Kenya, waliojulikana pia kama Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde ndefu ambazo nyingine zilizidi ratili 100, na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Upinde wa namna hiyo huwa mzito kuliko wakati wote pale unapokuwa umevutwa hadi mwisho. Mpigaji hana nafasi ya kungoja. Huvuta na kuachia. Upinde wa kapi hugeuza mambo. Wa ratili 70, yaani karibu kilo 32, wenye punguzo la asilimia 80, humwachia mwindaji ratili 14 tu mkononi akishavuta. Anaweza kumsubiri mnyama atoke nyuma ya mti bila kutetemeka.

Mnunuzi anayeingia dukani kwa mara ya kwanza huulizia kasi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana namba ya kasi huchapishwa kwa herufi kubwa: futi 330, 340, hata 350 kwa sekunde. Namba hiyo ni ya kweli, ila si ya mnunuzi. Kipimo kinachotumika sana hufanywa kwa upinde wa ratili 70, uliovutwa inchi 30, ukirusha mshale mwepesi wa gramu 23 hivi. Mtu wa kimo cha wastani havuti inchi 30. Kila inchi inayopungua hula takriban futi 10 za kasi, na mshale wa kuwindia, ambao mara nyingi hufika gramu 27 au zaidi, hula nyingine. Upinde unaotangazwa kuwa wa futi 340 unaweza kutoa 270 mkononi mwa mwenyewe, na bado ukawa upinde mzuri kabisa wa kuwindia.

Kwa hiyo hesabu sahihi huanzia mwilini. Kipimo cha kwanza ni urefu wa mvuto, yaani umbali ambao mtu huvuta upote mpaka mkono utulie kwenye taya. Njia ya haraka ni kunyoosha mikono yote miwili pembeni kama msalaba, kupima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya cha pili, kisha kugawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 hupata 70, sawa na inchi 27 na nusu. Hapa upinde wa kapi hauna huruma. Upinde wa mti utavutwa popote mtu anapofika, lakini huu una ukuta: kapi zikimaliza mzunguko wake, basi. Ukiwa mrefu kuliko mwenyewe, atalazimika kuegemea nyuma na kunyoosha kiwiko kupita kiasi, na upote utamchapa mkononi. Kosa la wengi ni kununua mrefu, kwa kuwa urefu huongeza kasi.

Mfano ulio wazi wa upinde kumfuata mtu ni Matt Stutzman, Mmarekani aliyezaliwa bila mikono. Huushika upinde kwa mguu na kuuvuta kwa kifaa kilichofungwa begani. Alishinda medali ya fedha katika Michezo ya Walemavu ya London mwaka 2012 na ya dhahabu mjini Paris mwaka 2024.

Jicho nalo lina kauli yake. Mtu anaweza kuandika kwa mkono wa kulia huku jicho lake la kushoto ndilo linaloongoza. Ili kujua, huunganisha viganja vyote viwili na kuacha tundu dogo katikati, huangalia kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha hufumba jicho moja moja. Jicho ambalo bado linakiona kitu hicho ndilo linaloongoza, na walimu wengi hushauri mtu achague upinde wa upande huo hata kama mkono utaona ugeni kwa wiki chache.

Uzito wa mvuto ndiyo sehemu inayoponza wanaume. Dukani, mwili ukiwa na joto na rafiki amesimama pembeni, ratili 70 huvutika. Porini ni habari nyingine. Mwindaji wa kulungu huko Wisconsin au Michigan hukaa juu ya ulingo uliofungwa mtini kwa saa nne, katika baridi ya Novemba, akiwa amevaa makoti mawili. Mnyama anapotokea umbali wa mita 20, atapaswa kuvuta taratibu bila kuinua upinde juu. Jaribio la kweli ni kukaa kitini, kunyoosha upinde mbele, na kuvuta moja kwa moja kuelekea shavuni. Ikibidi mtu aelekeze upinde angani ili apate nguvu, uzito huo si wake. Ratili 50 hadi 60 zenye mshale mzito kiasi na chembe kali humtosha kulungu bila shida.

Sheria nazo huweka sakafu. Jimbo la Wyoming hudai angalau ratili 40 kwa kulungu na 50 kwa wapiti, yule mkubwa mwenye mapembe kama matawi. Colorado huridhika na 35, lakini haikubali punguzo linalozidi asilimia 80, na pinde nyingi za sasa hufika 85 au 90. Mnunuzi asiyeuliza anaweza kurudi nyumbani na upinde usioruhusiwa kwao. Uingereza imeharamisha uwindaji wa upinde, wakati Ufaransa iliuruhusu rasmi mwaka 1995. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina zote mwaka 1977.

Baada ya mwili na sheria ndipo zinapokuja hesabu za upinde wenyewe. Umbali kati ya mihimili ya kapi mbili huwa inchi 28 hadi 34 kwa pinde nyingi za kuwindia. Mfupi hupita kirahisi vichakani na ndani ya kibanda cha kuvizia, mrefu hutulia zaidi mkononi. Nafasi kati ya mpini na upote, ambayo mara nyingi ni inchi 6 hadi 7, inafaa kutazamwa kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa ndogo, upote husukuma mshale kwa safari ndefu zaidi na kuongeza kasi. Lakini kadiri mshale unavyokawia kwenye upote ndivyo kutetemeka kwa mkono kunavyopata muda wa kuuharibu. Anayeanza hufaidika na inchi 7.

Kelele ni jambo ambalo tangazo la kasi halilitaji. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, mshale mita 80 na ushee. Kwa kulungu aliye mita 25, mlio wa upinde humfikia kwa sekunde 0.07, na mshale kwa sekunde 0.3. Katika pengo hilo, kulungu mwenye wasiwasi huchuchumaa ili aruke, na mshale hupita juu ya mgongo wake. Hata upinde wa kasi kuliko yote sokoni hauwezi kushindana na sauti yake wenyewe. Ndiyo maana mwindaji mzoefu hulipia utulivu kwanza: raba za kumeza mtikisiko na upote uliofungwa vizuri.

Mshale huchaguliwa pamoja na upinde. Ukiwa laini kuliko nguvu ya upinde hujipinda kupita kiasi na kwenda upogo. Ukiwa mwepesi mno, nguvu iliyobaki hurudi kwenye mikono ya upinde, yaani sehemu zake mbili zinazopinda, na kuivunja. Chembe zipo za aina mbili kuu, zenye makali yasiyosogea na zile zinazofunguka zikigonga. Za kufunguka hukata jeraha pana lakini hutumia nguvu kujifungua, hivyo mwenye upinde wa ratili 45 hufanya vema kubaki na zisizosogea.

Kijana anayekua ana njia yake. Upinde uitwao Diamond Infinite Edge Pro, kwa mfano, hurekebishwa kutoka ratili 5 hadi 70 na kutoka inchi 13 hadi 31, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuutumia mpaka awe mtu mzima.

Upinde wa mitumba huhitaji jicho kali. Upote na kamba huchakaa na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa mashine maalumu ya kuubana upinde. Adui mkubwa ni upinde kufyatuliwa mtupu, bila mshale, kwa maana mara moja tu hutosha kupasua mikono yake kwa ufa usioonekana. Fundi huchukua kipande cha pamba na kukipitisha polepole juu ya mikono hiyo, kutoka mpini hadi kwenye kapi, pande zote mbili. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, upinde hurudishwa kwa mwenyewe.